Nani Anainua Kadi?

Neno "usalama" lina sifa mbaya Nairobi. Kwenye taarifa ya habari linakuja likiwa limevaa sare: maafisa wa usalama, kamati ya usalama, sababu za usalama. Ukisikia mkutano umefutwa kwa sababu za usalama, unajua kuna mtu alikuwa na jambo la kusema na sasa hatalisema. Kwa hivyo nikikuambia naandika kuhusu usalama wa wachezaji kwenye michezo ya kuigiza ya mezani, nitakuelewa ukianza kuangalia mlango. Usalama gani tena? Kwani si ni mchezo tu?

Ni mchezo. Kwa ambaye hajawahi kuucheza: watu wanne au watano wanaketi mezani. Mmoja ni msimulizi. Anaeleza mahali, giza, adui, mlango uliofungwa. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mwenye jina, historia na karatasi inayoonyesha nguvu na udhaifu wake. Msimulizi anauliza, "Unafanya nini?" Unajibu, unarusha dadu lenye pande 20, hadithi inasonga. Hakuna mshindi, na hadithi moja inaweza kuchukua miezi. Mkongwe wa michezo hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, na leo una wasee wake hapa: sebule ya mtu Woodley, Jumamosi mchana, chapati zimefunikwa kwa sahani, simu zote zinachajiwa kwenye ekstensheni moja.

Sikiliza tu wanavyoongea. Hakuna anayesema "mhusika wangu anaingia pangoni." Wanasema "naingia." "Nampiga." "Maze, nimekufa!" Nafsi ya kwanza haitoki mdomoni kwa masaa manne. Ndiyo raha yake, na ndiyo hatari yake. Waigizaji wa michezo kama hii kule Skandinavia wana neno kwa hali ambapo hisia za mhusika zinamwingia mchezaji, au za mchezaji zinamwingia mhusika. Wanaiita kuvuja. Ni neno zuri. Ndoo ikivuja, huoni tundu kwanza. Unaona sakafu imelowa.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, watunzi wa michezo hii wamekuwa wakiandika zana za kuusimamia huo uvujaji. Tatu ndizo utakazokutana nazo sana. Ya kwanza ni mistari na mapazia, wazo la mtunzi Mmarekani Ron Edwards. Kabla ya kuanza, meza inakubaliana ni mambo gani hayataingia kabisa kwenye hadithi, huo ni mstari, na ni yapi yanaweza kutokea lakini nyuma ya pazia, bila kusimuliwa kwa undani. Ya pili ni kadi ya X, ya John Stavropoulos. Kadi yenye herufi X inawekwa katikati ya meza. Yeyote akiigusa au kuiinua, kinachosimuliwa kinaondolewa, na haulizwi kwa nini. Ya tatu ni fomu. Mwaka 2019 kampuni ya Monte Cook Games ilitoa kijitabu cha bure kuhusu ridhaa mezani, kilichoandikwa na Sean K. Reynolds na Shanna Germain. Ndani yake kuna orodha ya kujaza: kijani kwa jambo lisilokusumbua, njano kwa jambo la kuulizwa kwanza, nyekundu kwa jambo ambalo hulitaki hata kidogo.

Nataka tuzisome hizi zana kama tunavyosoma shairi au riwaya, kwa sababu nazo ni maandishi. Zina msomaji zinayemwazia, zina mji zilikozaliwa, na zina mambo ambayo haziyaoni.

Tuanze na sifa, maana zinastahili. Akili ya kadi ya X iko katika kipengele kimoja: huelezi. Aliyeumizwa na jambo hulipa mara mbili akilazimika kulifafanua mbele ya watu, na kadi inamsamehe hayo malipo ya pili. Na usifikirie ni watoto tu wanaohitaji kitu kama hicho. Mwaka 2020 kipindi kimoja cha mchezo huu kilikuwa kikirushwa moja kwa moja mtandaoni, wachezaji watu wazima, wazoefu, kamera zinawaka. Msimulizi akaingiza tendo la ngono dhidi ya mhusika wa mchezaji mmoja, tendo ambalo mchezaji mwenyewe hakuwa ameliridhia. Hadithi ikaendelea. Hakuna aliyeisimamisha. Mchezaji huyo baadaye alijiondoa, na kipindi kikafungwa. Kama watu wa kazi hiyo walishindwa kusema "simama" mbele ya watazamaji wao, sisi wa Woodley tunaochezea nyumbani kwa mtu tutaweza vipi?

Hapo ndipo shida zangu na zana hizi zinapoanza, na ni mbili.

Ya kwanza ni orodha yenyewe. Ukiifungua ile fomu unakuta wadudu, damu, panya, buibui. Ni hofu za kweli, sizicheki. Ila ukiisoma yote mfululizo unaona nyumba iliyoandikiwa, na si nyumba ya Woodley. Fomu ina nafasi tupu za kuongeza yako, na hilo ni jambo la heshima. Sasa tuzijaze. Meza ya Woodley ingeandika nini?

Ingeandika jina la pili. Michezo hii imejengwa juu ya jamii za watu, na kwa miaka mingi kila jamii ilipewa tabia yake ya kuzaliwa: hawa wana hekima, hawa ni wachoyo, hawa ni wakatili tangu tumboni. Mwaka 2020 wenye Dungeons & Dragons wenyewe walikiri hadharani kwamba picha waliyochora ya jamii kama maorki inafanana mno na jinsi watu halisi walivyodharauliwa, na toleo la 2024 liliacha kutumia neno la Kiingereza la "rangi" kwa jamii hizo. Mkenya hahitaji kufundishwa somo hilo na Mmarekani. Sisi mfululizo wa vikao tunauita kampeni, na kampeni za huku tunazijua. Msimulizi akisema "watu wa bonde hawaaminiki, wamekuwa hivyo siku zote," kuna mtu mezani amesikia sentensi hiyo ikisemwa kuhusu nyanya yake.

Ingeandika moto. Ukitoka Woodley, soko la Toi liko karibu kiasi kwamba watu wa mtaa wamevalishwa nalo kutoka utotoni. Mwishoni mwa 2007, matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, soko hilo liliporwa na kuchomwa. Kwenye vitabu vya mchezo, soko kuwaka ni mapambo ya sura ya kwanza. Linawaka ili mashujaa wawe na sababu ya kuondoka kijijini.

Ingeandika tingatinga. Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Ingeandika gari lisilo na nambari linalosimama usiku, maana tangu maandamano ya Juni 2024 kuna vijana wa rika letu ambao hawajalala vizuri wakisikia gari limezima injini nje ya geti. Na ingeandika pepo. Usicheke. Wamarekani walipitia hofu yao miaka ya 1980, makanisa na wazazi wakiamini mchezo huu unaita mashetani, na leo ni utani. Kwetu, Rais Moi aliunda tume rasmi ya kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994, na kuna mchezaji ambaye shangazi yake alimpeleka kukemewa kwa sababu alikuwa anaongea peke yake. Msimulizi akiigiza sauti ya pepo likitoka mdomoni mwa mhusika wake, yeye haoni katuni.

Orodha hiyo unaweza kuirefusha. Shida hii ya kwanza ina dawa: kalamu. Ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu haitoki kwenye orodha, inatoka kwenye mtu ambaye zana zinamwazia.

Zana zinamwazia mtu anayejua anachohisi wakati anapokihisi, na anayeweza kukionyesha mbele ya wenzake bila gharama. Sasa mlete huyo mtu kwenye sebule ya Woodley. Nyumba si yake. Mama mwenye nyumba ametoka jikoni kusalimia, na yeye ameambiwa ajisikie nyumbani, maana yake asisumbue. Msimulizi ni rafiki wa kaka yake, ndiye aliyenunua vitabu kwa bei ambayo kila mtu anaijua. Mwingine ndiye atakayempa lifti. Yeye ni mgeni wa kikao cha pili, pengine ndiye msichana peke yake. Tumelelewa tukijua mgeni hakatai chai. Anakunywa, hata ikiwa na sukari nyingi, na anasema asante. Huyo ndiye unayemtarajia anyooshe mkono katikati ya meza, watu sita wakimwangalia, aguse karatasi yenye X?

Hataigusa. Atasema "sawa."

Nimeona hilo likitokea. Hadithi ilikuwa imefika kwenye soko, usiku, na majitu ya msituni yalikuwa yameleta mienge. Msimulizi alikuwa stadi kwelikweli. Alieleza mlio wa mabati yanapopasuka kwa joto, akaeleza mwanamke anayevuta gunia ambalo limeshika moto tayari. Mchezaji mmoja aliulizwa anafanya nini. Akasema, "Sawa tu. Endeleeni." Akaenda kwenye balkoni na simu ambayo haikuwa imeita. Kadi ilikuwa pale pale, kati ya dadu na sahani, na sheria zote zilikuwa zimesomwa mwanzoni. Baadaye sana ndipo wengine walipojua mama yake alikuwa na kibanda Toi.

Kiswahili chetu kina sawa nyingi. Kuna sawa ya kukubali. Kuna sawa ya kuchoka kubishana. Kuna "sawa basi," ya mtu aliyekasirika, na "ni sawa," ya aliyesamehe nusu. Na kuna "sawa tu." Hiyo "tu" ndogo ndiyo kadi yetu ya X. Inainuliwa kila siku, nyumbani, kazini, kwenye mapenzi, na msimulizi asiye na sikio la kuisikia hata umtengenezee kadi ya dhahabu haitamsaidia.

Kwa hivyo tufanye nini, tutupe kadi? La. Ila tuitazame upya kwa kutumia kitu ambacho tulikaririshwa shuleni bila kuambiwa ni cha maana. Unakumbuka fasihi simulizi ya kidato cha pili? Taja umuhimu wa fomyula ya kuanzia hadithi. Alama nne. Tuliandika: kunasa makini ya hadhira, kutenga ulimwengu wa hadithi na ulimwengu halisi, na kadhalika. Tukapewa alama zetu, tukasahau.

Hebu tuiangalie tena. Fanani anasema "Paukwa!" Hadhira inajibu "Pakawa!" Ndipo hadithi inaanza. Kitu ambacho mwongozo wa mtihani haukutuambia ni kwamba fanani amejifunga mwenyewe. Hawezi kuanza mpaka ajibiwe. Watu wakinyamaza, anarudia. Wakinyamaza tena, hakuna hadithi usiku huo, na hakuna aliyelazimika kusema hapana.

Weka hilo kando ya kadi ya X uone tofauti. Kwa kadi, kimya ni ruhusa: mradi hakuna aliyeinua, tunaendelea. Mzigo wote uko kwa anayeumia, na ni lazima atende jambo, aonekane, tena katika dakika ambayo mwili wake umeganda. Kwa paukwa, kimya ni breki. Mzigo uko kwa mwenye hadithi, ambaye ndiye ana nguvu mezani, ndiye anayejua kinachokuja. Mtu mwenye haya, mgeni, msichana peke yake, aliyeganda, wote wanalindwa na kutofanya chochote.

Sitaki kuupaka asali utamaduni. Nyanya zetu walitusimulia mazimwi yanayomeza watoto kisha wakatutuma nje kuchota maji gizani. Na jibu la pamoja lina kasoro: watu kumi wakipaza sauti "Pakawa!" aliyenyamaza hasikiki. Kwa hivyo mezani jibu lisiwe la kwaya. Lizunguke kwa majina. Kabla ya tukio zito msimulizi anasimama, anatoka kwenye sauti ya hadithi na kuongea kwa sauti yake ya kawaida: "Wasee, soko litachomwa, na kuna watu watakuwa ndani. Paukwa?" Anazunguka, mmoja mmoja. Anayejibu "Pakawa" amejibu. Anayejibu lolote lingine, hata "sawa tu," pazia linashuka na hadithi inafungulia asubuhi yake, majivu yakiwa yameshapoa. Hakuna swali. Inachukua nusu dakika.

Na kadi ibaki, ila msimulizi awe wa kwanza kuitumia, kwa jambo dogo, mapema, juu ya maneno yake mwenyewe. "Hiyo sentensi imekuwa mbaya, naiondoa." Akishaigusa mwenye kitabu, mkono wa mgeni unapata njia.

Halafu kuna mwisho. Fasihi simulizi ina fomyula ya kumalizia pia, na hiyo tunaidharau zaidi. Vikao vingi huisha kwa mtu kuangalia saa na kusema nauli inapanda. Watu wanatoka wakiwa bado wamembeba aliyekufa, wanasimama kwenye stendi ya Adams, wanapanda matatu yenye muziki mkubwa na kufika nyumbani saa nne usiku na huzuni ambayo hawana pa kuiweka. Dakika 10 za chai, dadu zikiwa mfukoni, kila mtu akiitwa jina lake halisi, zinatosha kufunga mlango wa hadithi. Swali moja: umebeba nini? Anayetaka atajibu.

Najua jibu la wakongwe. Hii yote ni ulaini. Hadithi nzuri lazima iume. Mkianza kuomba ruhusa kila kona mtabaki mkisimulia sungura.

Naona kinyume chake. Meza ambayo haina njia ya kusimama ndiyo inayobaki na majitu ya msituni, kwa sababu kila mtu anakwepa kimyakimya lile jambo la kweli. Mimi ningependa kuona meza ya Nairobi ikicheza usiku wa soko kuwaka, ikijua ni soko gani. Nani alirudi kuokoa cherehani ya jirani? Nani alibeba begi lisilo lake, na Jumatatu akamsalimia mwenye begi? Hadithi hiyo ina uzito kuliko joka lolote, na haiwezi kuchezwa na watu wasioaminiana.

Lakini kuna pingamizi la pili, nalo ni la haki zaidi. Nchi hii imezima maigizo mengi kwa kisingizio cha kulinda watu. Mwaka 1977 leseni ya Ngaahika Ndeenda ilifutwa Kamĩrĩĩthũ, na kabla mwaka mpya haujaingia Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 jumba la maonyesho la wanakijiji likabomolewa. Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao Echoes of War, wakiwa na amri ya mahakama ya kuwaruhusu kuigiza. Nje polisi walirusha vitoa machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakatoka jukwaani. Sasa sisi nasi tunakuja na kadi, mistari na mapazia. Tofauti iko wapi?

Iko kwa anayeinua. Kwenye zana za mezani, mkono unaoinuka ni wa mtu aliye ndani ya hadithi, na unainuka kwa ajili yake mwenyewe. Hamkatazi mwingine kuandika juu ya moto. Anasema tu: si leo, si mbele yangu, pitia nyuma ya pazia. Kesho meza nyingine itaucheza moto huo na hatakuwa na neno. Kwenye ule usalama mwingine, mkono unaoinuka ni wa mtu ambaye hayuko mezani, hakuulizwa "unafanya nini?", na anainua ili wale wanaotaka kusema wasiseme. Huyo hajaumizwa na hadithi, anaiogopa. Wasichana wa Butere walipotoka jukwaani nao waliinua kadi yao, na yao ilikuwa ya aina ile ya kwanza: hatuwezi kucheza hivi.

Neno ni moja, usalama, na tumeachia wenye sare walitumie peke yao kwa muda mrefu mno. Sebule si mahali pabaya pa kuanza kulidai. Kinachohitajika ni kikubwa kidogo kuliko karatasi yenye X: msimulizi anayekubali kwamba hadithi si yake mpaka ajibiwe, na anayesikia tofauti ya sawa na sawa tu.

Kwa hivyo Jumamosi, kabla soko halijawaka, zungusha swali. Na kama mmoja hajajibu, dadu likae mkononi. Chai ipo.